Mdogo wangu aliwabeba wezi kwa bodaboda: naye anahesabika mwizi?

SWALI

Wakili, habari za kazi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23, anaendesha bodaboda hapa Morogoro. Usiku wa kuamkia Jumapili, saa 8, alipigiwa simu na jamaa wanayefahamiana kijiweni, akaambiwa akawachukue watu wawili wenye mizigo. Akawabeba mshikaki na mabegi yao. Walimtumia 6,000 kwa simu, na kwa kuwa nauli haikutimia wakamwachia spika moja, wakasema kesho wangemalizia na kuichukua. Jumatatu asubuhi polisi walimkamata, spika wakaikuta chumbani kwake. Kumbe kuna nyumba ilivunjwa na mlinzi akapigwa nondo. Mmoja wa wale watu amemtaja, anasema "tulipanga naye".

Alhamisi alifikishwa mahakamani pamoja nao kwa kosa la kuvunja nyumba usiku na kuiba. Yuko rumande kwa sababu wadhamini hawakukamilika. Tunasikia shitaka litabadilishwa liwe unyang'anyi wa kutumia silaha. Hakuingia ndani wala hakuvunja kitu, inakuwaje ashtakiwe sawa na walioingia? Na mpelelezi amemwambia akikubali kila kitu atamfanya shahidi. Akubali?

Dada yake, Morogoro

JIBU

Dada yangu, pole sana. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo la haraka: asikubali jambo ambalo hakulifanya, na asisaini karatasi nyingine yoyote kabla hajaongea na wakili. Mpelelezi hana mamlaka ya kumgeuza mshtakiwa kuwa shahidi. Uamuzi wa nani ashtakiwe, nani aachiwe na nani aitwe kama shahidi ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka na waendesha mashtaka walio chini yake. Njia halali ya kuzungumza nao ipo. Tangu marekebisho ya sheria ya 2019 tuna makubaliano ya kukiri kosa, ambayo huandikwa na kuwekwa mbele ya mahakama. Ahadi ya mdomo inayotolewa kwenye korido haimfungi mtu yeyote. Alichokubali mdogo wako kitabaki kwenye faili, na ile ahadi haitaonekana popote.

Sasa, kwa nini ameshtakiwa sawa na walioingia? Kwa sheria yetu, aliyesaidia hana kosa lake dogo la pembeni. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema aliyetenda, aliyesaidia, aliyeshawishi na aliyeagiza wote wanahesabika wametenda kosa, na wanaweza kushtakiwa kana kwamba kila mmoja alilitenda kwa mkono wake. (Namba ninazotaja ni za toleo la 2022. Wakili wenu aziangalie kwenye toleo lililotajwa katika hati ya mashtaka.) Kwa hiyo "hakuingia ndani" si utetezi. Anayekaa nje akilinda, au anayesubiri na pikipiki ili wenzake wakimbie, anahukumiwa kama aliyeng'oa dirisha. Kuvunja nyumba mchana kifungo chake kinafika miaka 14, usiku kinafika miaka 20. Hicho ni kikomo cha juu.

Lakini kifungu hichohicho ndicho kinachoweza kumwokoa. Kusaidia maana yake ni kusaidia ukijua. Bodaboda aliyembeba abiria bila kujua ametoka kuiba ameendesha pikipiki tu. Kesi nzima ya mdogo wako inasimama kwenye swali moja: alijua nini, na alijua lini?

Neno "lini" lina uzito wake. Kama alijua kabla na akakubali kuwasubiri, kifungu cha 22 kinamkamata moja kwa moja. Kama alijua baada ya wizi kwisha, akawasaidia kukwepa mkono wa sheria, hilo ni kosa jingine, la msaidizi baada ya tukio, na adhabu yake ni tofauti. Kama alipokea spika akijua ni ya wizi, hilo ni la kupokea mali ya wizi, nalo pia ni jingine. Na kama hakujua wakati wowote, hana kosa. Nimeona vijana wakiambiwa "sema tu ulishtuka walipotoka na mabegi", wakadhani wanajisafisha, kumbe sentensi hiyo inawahamisha kutoka kutojua kabisa kwenda kujua kabla ya kuwasha pikipiki.

Ndiyo maana nina wasiwasi na maelezo ya onyo (yale ambayo mtuhumiwa huandikwa baada ya kuonywa kwamba halazimiki kusema) aliyokwisha kuyaandika polisi kuliko jambo lingine lolote uliloniambia. Hukuyataja, lakini mtu aliyekamatwa Jumatatu na kufika mahakamani Alhamisi karibu kila mara anakuwa ameyaandika. Kuna mteja wangu mmoja ambaye maelezo yake yalikuwa na mstari huu: "Niliwasubiri kona nikiwa nimezima taa." Nilipomuuliza gerezani, akasema aliulizwa kama pikipiki ilikuwa imezimwa, akajibu ndiyo, maana unaposubiri abiria unazima kuokoa mafuta. Pikipiki iliyozimwa kuokoa mafuta ikageuka taa iliyozimwa kwa kujificha. Alisaini kila ukurasa bila kusoma. Tulihangaika na mstari huo miezi mingi.

Nenda rumande ukamuulize mambo haya, uandike majibu kwa maneno yake mwenyewe. Alifika kituoni saa ngapi? Alianza kuhojiwa saa ngapi, na aliyemwandika alimaliza saa ngapi? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa muda wa saa 4 za kumhoji mtu tangu anaposhikiliwa, na muda huo huongezwa kwa utaratibu maalumu. Mahakama ya Rufani imewahi kuyaondoa maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda. Aliambiwa kwamba halazimiki kusema chochote? Aliambiwa anaweza kumwita wakili au ndugu? Alisomewa alichoandikiwa, au alionyeshwa tu pa kusaini? Kuna aliyempiga, kumtisha au kumwahidi kitu? Ungamo lililotolewa polisi linapokelewa tu kama limetolewa kwa hiari, na Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo yenye jukumu la kuthibitisha hiari hiyo. Pia kukaa kituoni tangu Jumatatu hadi Alhamisi ni zaidi ya saa 24. Hilo peke yake halifuti kesi, lakini liandike.

Pingamizi dhidi ya maelezo hayo linatolewa pale shahidi anapoomba yapokelewe kama kielelezo. Likitolewa hapo, mahakama inasimamisha kesi kwanza na kuchunguza kama yalitolewa kwa hiari. Mshtakiwa asiye na wakili mara nyingi hunyamaza siku hiyo, kisha anakuja kusema kwenye utetezi kwamba alipigwa. Wakati huo anakuwa amechelewa.

Tuje kwa yule aliyemtaja. Maneno ya mshtakiwa mwenza yana nguvu kidogo kuliko watu wanavyoogopa. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ungamo la mshtakiwa mmoja linaweza kuzingatiwa dhidi ya mwenzake, lakini mtu hawezi kutiwa hatiani kwa ungamo la mwenzake peke yake. Lazima pawe na ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Na Jamhuri itautafuta wapi? Kwenye simu na kwenye spika.

Rekodi za simu zinaonyesha nani alimpigia nani, saa ngapi na kwa muda gani. Hazionyeshi walichoongea. Simu moja saa 8 usiku, baada ya wizi, inafanana na abiria anayetafuta usafiri. Simu sita kati ya saa 4 na saa 8 zingekuwa habari nyingine, kwa hiyo wakili aijue hali halisi mapema, hata kama inauma. Na huo ujumbe wa 6,000 ni wa thamani sana, usifutwe. Mtu aliyepanga wizi hulipwa mgawo. Aliyelipwa nauli tena ikapungua, hesabu yake inaonekana ni ya dereva. Tafuteni na wenzake wa kijiweni watakaoeleza nauli ya usiku ya njia hiyo ni kiasi gani.

Spika ni ngumu zaidi. Mtu akikutwa na mali iliyoibwa siku chache nyuma, mahakama inaweza kuchukulia kwamba yeye ndiye mwizi. Ili iwe hivyo, ni lazima ithibitike kwamba mali ilikutwa kwake, kwamba mlalamikaji ameitambua kuwa yake kwa alama au risiti, kwamba imeibwa karibuni, na kwamba ndiyo iliyotajwa kwenye shitaka. Angalieni hati ya ukamataji mali: nani alisaini, alikuwepo mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, spika imeandikwa kwa namba gani. Yote yakithibitika, mdogo wako bado anayo nafasi ya kueleza. Halazimiki kuthibitisha kwamba maelezo yake ni kweli. Inatosha yawe ya kuaminika kiasi cha kuacha shaka. Ila maelezo ya kwamba spika iliachwa kama rehani ya nauli yanapaswa kuwa yaleyale tangu polisi hadi kizimbani. Kama polisi aliogopa akasema spika ni yake, mwambie amweleze wakili leo.

Kuhusu mlinzi aliyepigwa nondo, habari mnazosikia msizipuuze. Shitaka linaweza kubadilishwa kabla ya hukumu, likasomwa upya naye akajibu upya. Unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake ya chini ni miaka 30, na hauna dhamana. Hapo kinaingia kifungu cha 23, cha nia ya pamoja: watu wakikubaliana kufanya uhalifu, na katika kuutekeleza likatendeka kosa ambalo lilikuwa tokeo la kutarajiwa, kila mmoja analibeba. Kwa waliopanga, kumpiga mlinzi kunaweza kuhesabiwa tokeo la kutarajiwa. Lakini ili mdogo wako abebeshwe hiyo nondo, kwanza lazima ithibitike kwamba alikuwa ndani ya makubaliano yenyewe. Tunarudi palepale, kwenye kujua.

Kwa hiyo kimbilieni dhamana wakati kosa bado linadhaminika. Mahakama huangalia wadhamini wanaoaminika, barua za serikali ya mtaa, vitambulisho vya NIDA na thamani ya mali iliyotajwa. Thamani ikivuka kiwango cha kisheria, hutakiwa kuweka nusu yake, kwa fedha au hati ya mali. Soma tena masharti yaliyotolewa siku ile. Mara nyingi tatizo ni karatasi moja tu, barua isiyo na picha au mdhamini aliyechelewa kufika.

Ukifika usikilizwaji wa awali, mwambie awe macho. Upande wa mashtaka husoma maelezo ya kesi na mshtakiwa huulizwa anakubali yapi. Anayokubali na kuyasaini hayahitaji tena ushahidi. Jina lake, pikipiki kuwa yake, hata kwamba aliwabeba watu wale, anaweza kuyakubali kama wakili ataona sawa. Lakini sentensi ikisomwa "aliwabeba washtakiwa wenzake na mali waliyoiba", akisema ndiyo kwa sababu ni kweli aliwabeba, atakuwa amekubali na mkia wake.

Jambo jingine, nalisema kwa upole kwa sababu najua familia zetu: msiende kwa mwenye nyumba kuomba yaishe, wala kwa mlinzi kumpelekea pesa ya matibabu, bila wakili kujua. Kesi ni ya Jamhuri, mlalamikaji hawezi kuifuta kwa kusamehe. Pesa hiyo itaelezwa mahakamani kama dalili ya hatia, au kama jaribio la kuvuruga shahidi. Na yule jamaa wa kijiweni aliyepiga simu, kama yuko nje, msimtafute wenyewe. Mpeni wakili jina na namba yake.

Kama hamna uwezo wa kulipa wakili, ombeni mapema. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, mahakama inaweza kuona mshtakiwa anahitaji msaada na kuelekeza apatiwe. Muulizeni karani wa mahakama namna ya kuliwasilisha ombi, na waulizeni pia wasaidizi wa kisheria wa wilaya yenu. Ombi hilo mdogo wako anaweza kulitoa mwenyewe, kwa mdomo, tarehe ya kutajwa: anyooshe mkono, aseme, "Mheshimiwa, sina wakili na naomba msaada wa kisheria." Hakimu ataliandika kwenye mwenendo wa kesi.