Swali la lugha: fosforasi au fosfa?

SWALI: Natafsiri maelezo ya taa za LED kutoka Kiingereza. Nimeandika: "Fosforasi ya ardhi adimu yenye rangi inayobadilika na kustahimili joto." Mhariri ameikataa sentensi nzima. Nimekosea wapi?

JIBU: Kosa kubwa ni neno la kwanza. Fosforasi ni elementi, ile ambayo aina yake nyekundu hupakwa ubavuni mwa kibiriti. Unachozungumzia wewe, kwa Kiingereza "phosphor", ni unga unaofyonza mwanga wa rangi moja na kutoa wa rangi nyingine. Katika LED nyeupe nyingi, unga huo ni ganeti (aina ya fuwele) ya itriamu na aluminiamu iliyotiwa seriamu kidogo. Hufyonza sehemu ya mwanga wa buluu wa chipu, yaani kijipande cha LED kinachowaka, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi, na kutoa wa manjano. Jicho huuona mchanganyiko wake kuwa mweupe. Humo hamna fosforasi hata chembe. (Zipo zenye fosfeti, kama zile za tyubu za zamani, lakini jina halikutokana na hilo.) Andika fosfa, ngeli ya I-ZI, na mara ya kwanza ifafanue: "fosfa, yaani unga unaogeuza rangi ya mwanga". Wala usiseme unga huo "huakisi": kuakisi ni kurudisha mwanga uleule.

"Ardhi adimu", tafsiri ya neno kwa neno ya "rare earth" (kundi la metali kama seriamu na itriamu), itamfanya msomaji afikirie viwanja. Magazeti ya Tanzania, yakiandika habari za mradi wa uchimbaji wa Ngualla mkoani Songwe, husema madini adimu, na kwa habari za uchimbaji jina hilo linatosha. Ndani ya fosfa, hata hivyo, seriamu si madini tena. Sema metali adimu. Huo uadimu nao ni wa jina tu, maana katika gamba la dunia seriamu inakaribia shaba kwa wingi.

"Rangi inayobadilika" inaleta picha ya taa za ukumbi wa harusi. Rangi ya fosfa hupangwa kiwandani kwa kubadili viambato. Gadoliniamu ikichukua nafasi ya sehemu ya itriamu, manjano huelekea wekundu; galiamu ikichukua nafasi ya sehemu ya aluminiamu, huelekea kijani. Mnunuzi wa taa hana la kubadili hapo.

Sasa joto. Kwa jinsi ulivyopanga maneno, kinachostahimili joto ni rangi, si fosfa. Isitoshe, kustahimili joto ni sifa ya sufuria: haiyeyuki wala haipasuki. Tatizo la fosfa ni jingine: ikipata joto mwanga wake hupungua, ikipoa hurudi. Huko ni kufifia. Ikiharibiwa na unyevu au joto la muda mrefu, mwanga haurudi. Huko ni kuchakaa. Mtafsiri akiyachanganya haya mawili, fundi atabadilisha taa nzima wakati kilichotakiwa ni kuboresha kipoza joto chake.

Ningeandika: "Fosfa ya metali adimu, ambayo rangi yake hupangwa wakati wa kuitengeneza, na ambayo hufifia kidogo tu ipatapo joto." Usiseme "haififii", kwa kuwa karibu zote hufifia kwa kiasi fulani. Vipimo vingi hulinganisha mwanga kwenye nyuzi 150 za Selsiasi na ule wa joto la kawaida la chumba, kwa hiyo makala ya asili ikitaja asilimia ya mwanga uliobaki, itaje pamoja na nyuzi zake. Asilimia 90 kwenye nyuzi 80 si sawa na asilimia 90 kwenye nyuzi 150.