Barua kwa Atupele: Iyunga au Mlimani

Mwanangu Atupele,

Ujumbe wako nimeupata. Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana nikikupigia baba yako atakaa pembeni na kila nitakachoanza kusema atakimalizia yeye.

Unasema umechaguliwa uhandisi ujenzi vyuo viwili, MUST, yaani Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia hapa Mbeya, kule Iyunga, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanataka uthibitishe kimoja, na dirisha linafungwa wiki ijayo. Unauliza ubaki usomee nyumbani au uende. Halafu chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa mlangoni, umeandika: "Nikienda, bibi atabaki na nani mchana?"

La bibi nalijibu kwanza, na nikishalijibu usilirudie. Bibi yako ana watoto, na mimi ni mkwe wake. Kumwogesha, kumpa dawa za presha, kumtoa nje kuota jua, hizo ni kazi zetu. Shangazi yako wa Tukuyu amekubali kutuletea binti wa kutusaidia mwezi ujao. Ulimlea bibi likizo zote za sekondari na Mungu anajua. Imetosha.

Sasa vyuo vyenyewe. Usije ukaidharau MUST kwa sababu unaiona kila siku kwenye dirisha la daladala. Pale pamekuwa chuo cha ufundi tangu 1986, kabla hapajaitwa chuo kikuu, na mafundi sanifu wengi ninaowafahamu hapa mjini wametoka pale. Huko mbele Bodi ya Usajili wa Wahandisi haitakuuliza ulisomea mji gani. Itataka shahada inayotambulika, na zote mbili zinatambulika. Miaka ni minne huku na minne kule. Kwa hiyo wale mashemeji wa baba yako wanaoinua nyusi wakisikia "Mlimani" waache wainue. Hawatakufanyia mtihani.

Dar ina kitu kimoja cha kweli: ofisi za makandarasi na washauri wengi ziko pale, na wakati wa kutafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo unakwenda kwa miguu yako kugonga mlango, hutumi barua pepe ukasubiri. Ila na Mbeya sasa hivi si haba. Barabara ya njia nne, Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, inapita hapa hapa kwetu. Greda linanguruma shuleni kwangu watoto wakiwa kwenye mtihani wa mwezi, vumbi limejaa mpaka kwenye makabati ya daftari. Mwanafunzi wa ujenzi angeweza kujifunza mengi kwa kusimama tu Uyole na kutazama wanavyoshindilia udongo.

Kwa masomo peke yake, basi, ningesema kaa. Tatizo langu ni nyumba hii.

Unajua kwamba digrii yangu niliipata Chuo Kikuu Huria, ila ulikuwa mdogo, hukuona ilivyopatikana. Nilisoma nikiwa hapa hapa. Moduli nilizifungulia jikoni, zina madoa ya mafuta mpaka leo, ziko kwenye lile sanduku la bati. Nikifungua ukurasa, mgeni anabisha hodi. Nikikaa tena, bibi anaita. Siku mbili kabla ya mtihani jirani anafiwa, na wewe unavijua vilio vya kwetu: mwanamke asipoonekana akimenya ndizi na kubeba masufuria, atasemwa mpaka kaburi liote majani. Nilienda, nikamenya, nikaingia mtihani wa kituo cha mkoa mikono ina utomvu. Ilinichukua karibu mara mbili ya miaka iliyopangwa. Na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara, naweza kusema "leo siwezi" na mtu akanuna tu. Wewe ni binti wa nyumba. Ukisema huwezi, itaitwa jeuri.

Kaka yako angeuliza swali hili ningemjibu vingine. Yeye angekaa nyumbani akala, akafuliwa, akasoma mpaka saa saba usiku na watu wakanyamaza ili asisumbuliwe. Sipendi kuiandika sentensi hiyo, lakini ndivyo tulivyo, na sitaki ujifunze uhandisi kwenye mapengo ya kazi za wengine.

Kuna na hili la boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo. Siku hizi anayepata fedha kamili ya chakula na malazi anapewa shilingi 10,000 kwa siku, na Bodi ya Mikopo haiulizi unalala kwa mama au hosteli. Watu wanasema: si angekaa nyumbani akaiweka? Ataiweka wapi? Siku boom litakapotoka, baba yako mdogo atakuwa sebuleni kabla yako. Tairi la bodaboda limepasuka, mtoto kafukuzwa ada, na wewe "unakula bure nyumbani". Utatoa, utakosa la kusema, halafu miaka inayofuata mshahara wako utakatwa asilimia 15 kulipa hela ambayo nusu yake hukuila. Ukiwa Dar watapiga simu, ndiyo. Ila simu inaweza kuishiwa chaji.

Na safari. Uyole mpaka Iyunga asubuhi, malori ya Tunduma yamepanga foleni, Nane Nane hamsogei, Sae hamsogei, Mafiati mnashuka watu wanatembea. Kipindi cha saa moja utakikosa mara ngapi kwa wiki?

Nitakwambia nilichokitaka mimi. Nilitaka usome MUST na nikupangie chumba kule kule Iyunga, uje nyumbani Jumapili tule pamoja. Chuo kizuri, gharama ndogo, na ninakuona. Nimemweleza baba yako. Amenitazama kama niliyemwambia tuuze nyumba. "Binti apange chumba mji mmoja na wazazi wake? Amefukuzwa? Watu watasemaje?" Nimebishana naye jioni mbili, nikamletea na mwalimu mwenzangu atetee, hakusogea hata kidogo. Binti akienda Dar anaitwa msomi. Akihamia Iyunga ataulizwa amefanya nini. Ujinga mtupu, lakini utakaousikia kanisani ni wewe, na miaka minne ni mingi.

Kwa hiyo njia ya kati imefungwa, na kati ya mbili zilizobaki jibu langu ni uende Mlimani.

Baba yako anaogopa. Anasema amepeleka mizigo Dar miaka yote hiyo na ameona watoto wa watu wanavyoharibika. Nimemwambia wa kuharibika huharibikia hata Uyole, stendi haiko mbali. Mengine mwachie, ni mapenzi yake hayo, hajui kuyasema vingine.

Kuhusu shangazi yako wa Mbagala. Amekwisha kunipigia, chumba anacho, kitanda anacho, na ana watoto wadogo watatu. Mshukuru sana, nenda kamsalimie ukifika, mpelekee mchele, urudi chuoni. Kutoka Mbagala mpaka Mlimani kila siku ni kuunganisha magari asubuhi na jioni, na ukifika unakuta vyombo. Hapo utakuwa umeihama nyumba hii na kuikuta nyingine mbele yako. Omba hosteli mapema, za Magufuli pale chuoni au Mabibo, siku ile ile mfumo utakapofunguliwa. Nimesikia habari za kubebana, mtu mmoja ana kitanda wawili wanalala. Ukikosa kabisa, nieleze kabla hujabebwa na usiyemjua.

Fedha sasa, maana hapa ndipo ninapokosa usingizi. TCU wanataka jibu sasa, na mkeka wa mkopo, orodha ya waliopata, unatoka baadaye. Tunachagua kabla hatujajua mfuko una nini. Nimepiga hesabu tatu. Ukipata kamili, utaishi kwa kubana, mimi nakuongezea kidogo na mchele wa Kyela natuma kwa basi, unaufuata stendi ya Magufuli Mbezi. Ukipata nusu, natoa hela ya kikoba niliyoweka kwa ajili ya bati za jiko. Bati zitangoja, jiko limevuja mvua zote hizi na tunapika. Ukikosa kabisa tunakata rufaa siku dirisha litakapofunguliwa, na rufaa ikishindikana utaomba kuhamia MUST. TCU huwa na utaratibu wa kuhama vyuo. Hapo utarudi nyumbani na nitapigana na wageni mlangoni mimi mwenyewe. Hiyo ya tatu siipendi, lakini nimeifikiria, isikuogopeshe.

Ninachokuomba ni kimoja. Mwaka wa kwanza usiniambie uko salama wakati hauko. Sapu, mitihani ya kurudia, siziogopi, hata ukipata mbili. Kudisko, kuondolewa chuo kwa kufeli, ukakaa kimya, ndiko ninakokuogopa, yule mtoto wa mwalimu wetu mkuu wa zamani alikaa muhula mzima Dar, huku nyumbani wakidhani anasoma.

Ule ujumbe wa namba ya siri ya kuthibitisha umeingia kwenye simu yangu, maana uliombea kwa namba yangu. Nautuma peke yake baada ya huu. Thibitisha wewe mwenyewe, usimpe mtu wa steshenari akufanyie, na ukimaliza ingia tena uone kama imekubali. Ukiona bado unataka Iyunga, thibitisha Iyunga, sitanuna. Ila iwe kwa sababu ya Iyunga, isiwe kwa sababu ya bibi.

 Baba yako nitamwambia Ijumaa, akishakula. Na kwa mama yako mdogo hapo Kyela omba debe moja la mchele mpya uje nalo, lile la mwezi uliopita limekwisha.

Mama yako