Demy wa Oxford hasomeshwi bure

Shikamoo kaka. Umeniambia binti yetu amesoma kuhusu wanafunzi wa Magdalen, mojawapo ya vyuo vya Chuo Kikuu cha Oxford hapa Uingereza (wenyewe hutamka Modlin), wanaoitwa demy, na kwamba akiwa mmoja wao chuo kitamsomesha na kumlisha, nyie mtafute nauli tu. Tafadhali msiuze kitu kwanza.

Jina hilo ni la kale. Askofu William Waynflete alianzisha chuo kile mwaka 1458, chenye wanazuoni 40, na chini yao vijana 30 waliopata nusu ya posho ya wakubwa wao. Ndiyo maana ya demy: nusu. Hata huku kwenye karakana ya kujalidi vitabu ninakofanya kazi neno lipo. Karatasi ya demy ya kuchapia ina inchi 17½ kwa 22½. Ukiikunja mara tatu unapata kurasa 16 za kitabu cha kushika mkononi.

Zamani nafasi hiyo ilikuwa na hela ya maana. Mwandishi Oscar Wilde alikuja kutoka Dublin mwaka 1874 akiwa demy wa pauni 95 kwa mwaka, na bado washona nguo walimdai. Leo ni heshima zaidi: ukifanya vizuri masomoni unavaa joho refu kuliko la wenzako na kupewa kiasi kidogo ambacho hakigusi ada. Mwanafunzi kutoka kwetu hulipa ada ya kimataifa, na pauni 776 za huduma ya afya kwa kila mwaka wa viza. Kibarua? Viza humruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, lakini muhula wa Oxford ni wiki 8 tu, mzigo wote umesongamana humo, na chuo chenyewe hakitaki wafanye kazi. Nisingependa mtoto wetu aje kulala na njaa kisha awafiche.

Kwa shahada ya kwanza upo ufadhili wa Reach Oxford: hulipa ada, matumizi na tiketi ya kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka. Nafasi ni chache mno. Mimi kwa maoni yangu asome Dar kwanza, kisha aombe ufadhili wa Chevening au wa Rhodes kwa shahada ya pili. Akishikilia kuja sasa, anipigie Jumapili hii tuanze, maana maombi hufungwa katikati ya Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo.