Safari ya Alaska: tupandie meli Seattle au Vancouver?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimedunduliza fedha kwa miaka kadhaa ili nimpeleke mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, akaione mito ya barafu ya Alaska kwa meli. Wakala wa safari anatushauri tupandie Seattle, Marekani, kwa kuwa nauli ya ndege ni nafuu, ila wapo wanaoisifu Vancouver, Kanada. Mama huchafukwa na bahari upesi. Je, bandari ya kuondokea ina uzito wowote, ilhali meli zote zinaelekea kulekule?

JIBU: Ina uzito, ndugu yangu, na kwa ajili ya Mama ina uzito mkubwa, kwa sababu bandari ndiyo inayoamua mtapita maji gani. Meli inayotoka Vancouver hupanda kaskazini kati ya Kisiwa cha Vancouver na bara, katika mkondo uliokingwa na nchi kavu pande zote mbili, wakati nyingi za zile zinazotoka Seattle hupita magharibi ya kisiwa hicho, katika Pasifiki iliyo wazi. Bahari ikiwa shwari hamtaona tofauti kubwa. Upepo ukivuma, Mama anaweza kuimaliza siku nzima kitandani.

Ndani ya mkondo huo pana mahali pembamba paitwapo Seymour Narrows, ambapo maji yakijaa au kupwa hukimbia hadi noti 15 (karibu kilomita 28 kwa saa), hata manahodha wa meli kubwa hungoja yatulie ndipo wapite. Mwamba uliojificha hapo, Ripple Rock, ulizamisha na kuharibu vyombo vingi mpaka ulipolipuliwa mwaka 1958. Msisikitike mkiukosa mlango huo, kwani mara nyingi hupitwa usiku. Mbele yake, Queen Charlotte Sound, kuna saa chache za bahari wazi ambazo hata abiria wa Vancouver hawaziepuki. Hapo dawa ya kichefuchefu imezwe mapema.

Wengi hudhani kwamba kupandia Seattle kunawaepusha na viza ya Kanada. Sivyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 haiziruhusu meli zenye bendera ya kigeni, na karibu meli zote kubwa za kitalii ni za namna hiyo, kufanya mzunguko wa kuanzia na kuishia bandari ya Marekani bila kugusa bandari ya nchi nyingine. Ndiyo maana meli za Seattle husimama Victoria, Kanada, mara nyingi kwa saa chache za jioni. Kama pasipoti zenu zinahitaji viza, ombeni za nchi zote mbili, tena za kuingia zaidi ya mara moja.

Seattle ina haki yake: meli zenye kimo kirefu kupindukia haziwezi kupita chini ya daraja la Lions Gate la Vancouver, hivyo anayetaka meli kubwa kuliko zote ataipata Seattle. Ninyi, hata hivyo, mnafuata barafu. Ziko pia safari za njia moja kutoka Vancouver hadi Whittier au Seward, bandari za Alaska, nzuri mno, lakini huvuka Ghuba ya Alaska, nayo ni bahari wazi. Kwa Mama nisingeichagua.

Chagueni mzunguko wa kuanzia na kuishia Vancouver, na kabla ya kulipa someni ratiba muone kama Glacier Bay imo, kwa sababu hifadhi hiyo huruhusu meli mbili tu kubwa za kitalii kwa siku. Mbele ya mto wa barafu wa Margerie, ulio ndani ya hifadhi hiyo, meli hutulia kabisa, abiria wakajipanga kwenye sitaha wamejifunga mitandio; kipande kikimeguka, jicho hukiona kikitumbukia kwanza, na mngurumo wake hufika baadaye. Mchukulieni Mama chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, ambako mtikisiko ni mdogo.

Nauli ya Seattle ikiwa ndiyo pekee mnayoimudu, shukeni Seattle, kisha mpande basi au treni hadi Vancouver, mwendo wa takriban kilomita 230. Fikeni siku moja kabla ya meli kuondoka, kwa kuwa foleni ya mpakani haitabiriki.