Lipia bima Agosti, usingoje masika

Kibosho, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza upepo wa huko Seronera, Serengeti, ulikuwa unakula maneno. Unasema kampuni ya safari wanakuita kuendesha gari wakiwa na watalii tu, bima hawakupi, na unauliza: kuna bima gani ya afya ya bei nafuu kwa mtu wa kazi za kujitegemea, au uweke tu hiyo hela pembeni? Nimeamua kukuandikia, kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "sawa mama" kabla sijamaliza.

Ulipokuwa mdogo hili hukulijua, ulikuwa kwenye kadi yangu ya ualimu. Kila mwezi NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, walichukua asilimia 3 ya mshahara wangu, mwajiri akaongeza 3 nyingine, nami nilinung'unika kila nikiishika hati ya mshahara. Ukavuka umri, jina likatoka. Sasa mwajiri ni wewe na mwajiriwa ni wewe, zote sita ni zako.

Njia ya kuweka pembeni aliijaribu mjomba wako. Alikuwa na laki nane kwenye simu, tena akitutambia. Usiku utumbo wake ulipojikunja tukamkimbiza hospitali moja mjini, dirishani tukaambiwa malipo ya awali kwanza. Vipimo, picha, damu: laki nane ziliisha kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Saa tisa usiku nimeinamia simu yake, chaji asilimia 6, naandika kwenye kundi la ukoo. Elfu ishirini inaingia, elfu kumi inaingia, shangazi yako anauliza, "Kwani nani anaumwa?" Yule binti wa dirishani wala hakuwa mkali. Alikuwa anagonga kalamu mezani taratibu, akisubiri tufikishe. Mjomba alipona. Ng'ombe wa bibi aliuzwa, na baba yako mpaka leo hataki tulizungumze.

Ndiyo maana nasema usitafute bima ya malaria. Malaria utajilipia. Tafuta ya kulazwa na kupasuliwa, kitu ambacho tipu ya safari moja haiwezi kukibeba.

CHF, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii iliyoboreshwa mwaka 2018, ndiyo iliyotufaa watu wa huku kwa urahisi wake, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima. Jirani zetu wamejifungulia nayo, wameshonwa nayo. Lakini ilikuwa na ngazi zake. Ulianzia zahanati au kituo cha afya, unapewa rufaa, unapanda hadi hospitali ya mkoa, kwako wewe Mount Meru. Ukiruka ngazi ulilipa mfukoni. KCMC, hospitali kubwa ya hapa Moshi, haikuwamo, na dawa ikikosekana dirishani uliandikiwa ukainunue nje. Kwa mtu asiye na kitu ilikuwa neema. Wewe mwenye mke na mtoto, unayeendesha Land Cruiser saa kumi kwenye barabara ya vumbi, niliiona fupi.

Vifurushi vya NHIF ni vipana zaidi. Vilipoanza Novemba 2019, kile cha Najali kilianzia 192,000 kwa kijana aliye peke yake, sawa na 16,000 kwa mwezi. Vimebadilika majina na bei tangu hapo, kwa hiyo usibebe bei ya kijiweni. Pita ofisini kwao hapo Arusha uulize mwenyewe. Uliza na orodha ya hospitali, uone kama zile za karibu na kwako Sakina zimo.

Kuna wenzako watakwambia, "Nitakata nikianza kuumwa." Hao ndio walioiumiza mifuko ya bima. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF, ilikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, wazazi wengi wakaja na watoto ambao tayari ni wagonjwa, na mwaka 2023 kuandikisha mtoto mmoja mmoja kukasimamishwa. Bima za kampuni binafsi nazo zina muda wa kusubiri, hasa kwa uzazi na magonjwa sugu. Mkwe wangu akishapata ujauzito mmechelewa. (Siulizi. Nasema tu.)

Hizo za binafsi, kwa mtu mmoja ni ghali. Kwa kundi bei hushuka. Nyie madereva mnaokaa pamoja mkisubiri kuitwa mko wangapi? Mna kikundi cha kufa na kuzikana, mna mchezo wa kila wiki, bima ya pamoja inawashinda nini? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita Bungeni 2023, hata asiye na ajira rasmi anatakiwa awe na bima. Heri mjipange mapema. Halafu waulize kampuni kama wamekuandikisha WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ile ni ya kuumia kazini, haitakusaidia ukiugua nyumbani, lakini ni haki yako.

Sasa la hela. Wewe hupati mshahara, unapata msimu. Juni hadi Oktoba mfuko umejaa, Aprili na Mei mvua inanyesha, kambi zimefungwa, unanipigia kuomba ya gesi. Bima ukiipangia mwezi kwa mwezi itakukatikia masika, na masika ndiyo homa huja. Lipa ya mwaka mzima Agosti. Wageni wakikupa dola, kabla hujapita kwa fundi wa redio ya gari, weka ya bima. Ile redio inatosha.

Jumapili ukishuka njoo na namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na ya mkeo, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na picha ndogo za wote watatu, zenye mandharinyuma ya bluu. Mtoto mvalishe shati lenye kola. Mtori nitapika.

Mama yako