Mgeni kakosea kuuliza swali grupuni, kabla hujamfungia soma hii

Mwaka 2019 nilikuwa na miezi kama minne tangu nianze kushika simu za watu, nina kimeza changu pale Kariakoo mtaa wa Aggrey, na fundi mkubwa aliyekuwa ananifundisha alikuwa kasafiri msibani. Akaja mama mmoja muuza mihogo, simu yake haiwaki na namba za wateja wake wote zimo humo humo, nikamwambia mama njoo kesho utaikuta tayari. Nikahangaika nayo mpaka giza likaingia, nikarudi nayo gheto Manzese, saa tano usiku bado imekufa na mi nimechoka, nikaingia kwenye grupu moja la Telegram la mafundi ambalo nilikuwa nimeungwa siku ile ile nikaandika hivi tu: "wakuu naombeni msaada simu haiwaki".

Majibu yalikuja fasta sana. Mmoja akasema ichomeke kwenye chaji, mwingine akauliza kwani sisi waganga, mwingine akaweka stika ya kucheka, alafu admini akaandika kwa herufi kubwa SOMA SHERIA, nikafungiwa kuandika masaa 24.

Nikaenda kuzisoma hizo sheria na nataka niseme ukweli, zilikuwa sheria nzuri. Andika modeli, eleza simu ilizimaje, weka picha ya bodi, ule ubao wa ndani wenye vifaa vya umeme, pande zote mbili, sema umepima nini, tafuta kwanza kama swali lilishaulizwa. Kwa fundi hayo ni mambo ya msingi kabisa, maana "haiwaki" inaweza kuwa betri, inaweza kuwa fleksi ya batani, ule mkanda mwembamba wa nyaya, inaweza kuwa shoti, yaani umeme unapita pasipotakiwa, inaweza kuwa programu imeharibika, na kila moja ina njia yake. Na wanaojibu hawalipwi hata mia, mtu ana simu kumi mezani kwake anakuachia dakika tano zake, sio haki umpe kazi ya kubuni.

Sasa usiku ule ule kuna fundi mmoja simjui mpaka leo sura yake akanifuata inboksi. Dogo, modeli gani? Ilidondoka au iliingia maji? Ukiiunga kwenye pawa saplai, kabla hujabonya batani, ampia zinapanda? Basi, maswali matatu. Pawa saplai, ile mashine inayolisha simu umeme na kuonyesha ampia, yaani inavuta umeme kiasi gani, nilikuwa nimeiacha kibandani kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi nikawa Kariakoo, nikaunga, kweli ampia zikapanda wakati sijagusa batani. Akaniambia hiyo ni shoti kwenye laini ya betri, fukiza rozini, ule utomvu mkavu, juu ya bodi uone inayeyuka wapi kwanza, maana penye shoti ndo panachemka. Ikayeyuka juu ya kapasita moja, kijikifaa kidogo cha kutunza umeme, pembeni ya ic ya pawa, ile chipu inayogawa umeme, nikaitoa hiyo kapasita, simu ikawaka. Saa nne mama kaja kaikuta inaongea.

Nimelifikiria hili jambo miaka mingi. Yule fundi hakuvunja sheria ya grupu ili anisaidie. Aliitekeleza! Modeli, ilizimaje, umepima nini, ni sheria zile zile alizonielekeza admini kwa herufi kubwa, ila yeye kazigeuza kuwa maswali. Ni kama mgeni akiingia kwako, unamwambia karibu, viatu acha hapo mlangoni, umeshamkaribisha na sheria ya nyumba ameijua, kwa pumzi moja.

Na hili sio tatizo la mafundi wa Kariakoo peke yao. Stack Overflow, ule mtandao wa maswali ya programu ulioanzishwa 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, umejengwa ili swali moja likijibiwa vizuri limsaidie hata atakayelitafuta miaka mitano mbele, ndo maana swali linalojirudia linafungwa na swali bovu linapigiwa kura ya kushushwa. Kwa miaka mingi mgeni alikuwa anaanza na pointi 1, zile za sifa anazopata mtu kwa kura za wenzake, hakuweza hata kukomenti chini ya swali la mwenzake mpaka afike 50, wakati mwenye 3,000 aliweza kupiga kura ya kulifunga swali la mgeni. Mpango una mantiki yake, lakini mwezi wa nne 2018 wao wenyewe waliandika hadharani kwamba wageni hawajisikii kukaribishwa pale na ni lazima wabadilike, na mwaka huo huo wakaanza kuweka alama inayoonyesha kwamba huyu ni mchangiaji mpya, mwendeeni taratibu. Wikipedia nao wana mwongozo unaosema waziwazi msiwang'ate wageni.

Kwa hiyo admini mwenzangu, mi sasa nasimamia grupu la mafundi na hivi ndo tunafanya. Kosa la kwanza hatumfungii mtu, tunamuuliza kitu kimoja au viwili ambavyo bila hivyo swali halijibiki, hatumtupii sheria zote kumi kwa mpigo. Kama swali lilishajibiwa tunampa linki ya jibu lenyewe, kwa sababu ile "tafuta kwanza" ni ngumu kuliko tunavyodhani, we umekaa grupuni miaka mitatu unajua kwamba huyu aliandika imekufa, yule akaandika dedi, mwingine haina pawa, mgeni anatafuta "haiwaki" hapati kitu anaona hakijawahi kuulizwa. Na ukiona swali limekuudhi, pita, acha mwingine ajibu, grupu lina watu.

Ila kuna posti hatuziachi hata dakika. Mtu anataka kubadilishiwa IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, hapana, hiyo ni kosa la jinai kwa sheria yetu ya mawasiliano ya 2010 na mara nyingi nyuma yake kuna mtu kaporwa simu. Huyo anatoka siku hiyo hiyo.

Na wewe mgeni, ukikosolewa usianze kubishana, rudi kwenye swali lako uliongezee modeli na vipimo, watu wale wale waliokununia watakujibu, nimeliona hili mara nyingi sana. Alafu ukifanikiwa rudi useme kilichokuwa kibovu ni nini, usipotee.

Haya sikuyajua siku zote. 2022 usiku mmoja nimechoka, kijana kaingia grupuni anasema yuko Mbagala, kaandika "tachi haifanyi kazi nusu", hakuna modeli hakuna picha, nikamjibu vibaya mbele ya watu wote. Mimi, niliyefanyiwa hivo hivo. Akatoka grupuni ndani ya dakika mbili. Asubuhi nikamtafuta inboksi nimuombe radhi, ujumbe mpaka leo una tiki moja. Kama unamfahamu fundi wa Mbagala aliyekuwa na simu ya namna hiyo, mwambie nilimuandikia jibu lake, kwamba aanze kwa kufungua fleksi ya kioo aisafishe pini na kuirudisha, ikigoma ajaribishe kioo kingine kabla hajagusa bodi. Liko pale grupuni, chini ya swali lake.