Diploma ya uhasibu: Arusha au Moshi?

Dada, umeuliza ukatafute ukarani wa hesabu Arusha au Moshi. Mimi ningeanza Arusha, kwenye kampuni za utalii. Peleka barua Aprili au Mei, kabla msimu wa Juni haujachanganya. Julai bosi yuko porini na wageni, bahasha yako ataifungua saa ngapi? Moshi kuna SACCOS, vyama vya akiba na mikopo, na AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa. Mshahara mdogo, ila vitabu vyote vya hesabu utavishika mwenyewe. Kwenye usaili wangu sikuulizwa debiti wala krediti. Niliwekewa boksi la risiti za EFD (zile za mashine ya kodi), za mafuta zimeshafifia, nikaambiwa nizipange kwa ajili ya ritani ya VAT, ile taarifa ya kodi ya kila mwezi, ya tarehe 20. Na Excel uijue kweli, siyo ile ya kwenye CV.